Aliyeondoka Binti Amerudi Kijana: Tumpokeeje?



Mama mmoja alinijia baada ya Misa ya kwanza, akanivuta pembeni nyuma ya sakristia. Mtoto wake alibatizwa na kulelewa kama binti. Alipofika miaka 13 hakuvunja ungo kama wenzake. Badala yake sauti ilizidi kuwa nzito, mabega yakapanuka, na maumbile ya siri yakaanza kubadilika. Alipelekwa hospitali ya rufaa, akapimwa, na madaktari wakawaambia wazazi kwamba mtoto huyo ni wa kiume, na alikuwa wa kiume tangu tumboni. Miaka michache ikapita akisoma kwa mjomba wake, mbali na nyumbani. Sasa anarudi, amevaa suruali na ana ndevu changa. Mama hakuniuliza habari za dawa. Aliniuliza, "Sista, watu watamwitaje?"

Ameniruhusu niandike, mradi nisitaje jina wala kijiji.

Tuanze na mwili. Mtoto akiwa tumboni, kwa majuma sita ya kwanza hivi, maumbile ya mvulana na ya msichana yanafanana. Kisha, kwa kawaida, mtoto mwenye kromosomu ya Y huanza kuota korodani, nazo hutoa homoni iitwayo testosteroni. Lakini ili uume na mfuko wa korodani vijengeke kwa nje, testosteroni hiyo lazima igeuzwe kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya maalumu. Mtoto akirithi upungufu wa kimeng'enya hicho kutoka kwa baba na mama, atazaliwa na korodani zilizojificha tumboni au kwenye kinena, na kwa nje ataonekana msichana. Mkunga atasema "ni binti", wala hajakosea kwa uzembe. Anasema alichokiona. Wakati wa kubalehe testosteroni huongezeka sana, na mwili unafuata njia yake ya kiume.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika kijiji cha Salinas, nchini Jamhuri ya Dominika, na Dk. Julianne Imperato-McGinley na wenzake, waliotangaza matokeo yao mwaka 1974. Walikuta watu 38 wa namna hii katika familia 23 zenye udugu. Mwaka 1979 waliandika kuhusu 18 waliokuwa wamelelewa kama wasichana: 17 kati yao walikuja kujitambua kuwa wanaume, na 16 wakaishi kama wanaume. Wanakijiji wana jina lao la kumwita mtoto kama huyo, lenye maana ya "aliyepata uume akiwa na miaka 12". Wazee wetu wanaotumia dawa ya finasteridi kwa ajili ya tezi dume wajue kwamba wazo la dawa hiyo lilitokana na uchunguzi wa familia hizo.

Si kila mtoto mwenye maumbile yasiyoeleweka ana hali hii. Yuko pia mtoto wa kike kabisa, mwenye mji wa mimba na kila kitu, ambaye tezi zilizo juu ya figo zake hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, naye huzaliwa akifanana na mvulana. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili ni la kufa na kupona. Wengi wa watoto hawa hupoteza chumvi mwilini. Katika majuma ya kwanza mtoto hutapika, hanyonyi, analegea, anakauka maji, na anaweza kufa huku nyumbani wakisema ni jicho baya. Dawa zipo, hidrokotisoni na fludrokotisoni, nazo hutumiwa maisha yote. Kwa hiyo mama akijifungua mtoto ambaye jinsia yake haieleweki, asifichwe ndani na asipelekwe kwa mganga wa kienyeji. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na binti mdogo mwenye uvimbe kwenye kinena aonwe na daktari, kwani huenda si ngiri. Ila msiwe na haraka ya kisu. Vipimo kwanza, upasuaji baadaye kama unahitajika.

Nirudi kwa swali la mama, maana ndilo gumu.

Huko Austria, katika jimbo la Carinthia, alizaliwa mwaka 1948 mtoto wa wakulima aliyeitwa Erika Schinegger. Mwaka 1966, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake katika mbio za kuteleza kwenye theluji. Kabla ya Olimpiki ya mwaka 1968 wanamichezo walipimwa kromosomu, ikagundulika kwamba ni wa kiume na korodani zimo ndani. Walikuwapo waliomshauri afanywe mwanamke kwa dawa na upasuaji, asahau yaliyotokea. Alikataa. Alifanyiwa upasuaji akatoka akiitwa Erik, na baadaye akaoa akapata binti. Medali yake ya dhahabu alimkabidhi mwanamke wa Ufaransa aliyekuwa wa pili. Lililonigusa zaidi ni kwamba hakuhamia mbali. Alibaki Carinthia, akafungua shule ya kuwafundisha watoto mchezo ule ule. Mzazi anayekukabidhi mtoto wake umfundishe amekwisha kukupokea, hata kama hajatamka neno.

Karne moja kabla yake, Ufaransa, mambo yalikwenda vingine. Herculine Barbin, aliyezaliwa mwaka 1838, alilelewa na masista akawa mwalimu wa wasichana. Mwili ulipomsumbua alimfungulia moyo Askofu wa La Rochelle, naye Askofu akamtafutia daktari. Mwaka 1860 mahakama iliamuru aandikwe mwanaume. Hayo yote yalifanywa kwa utaratibu. Lakini magazeti yaliandika, mji ukanong'ona, naye akakimbilia Paris ambako hakuna aliyemjua. Mwaka 1868 alijiua kwa moshi wa mkaa katika chumba chake cha upangaji, akiwa na miaka 29. Daktari alikuwa amepatikana na karatasi zilikuwa zimesahihishwa. Majirani ndio waliokosekana.

Kanisa halikunyamaza juu ya watu hawa. Katika Mt 19:12 Bwana mwenyewe anawataja waliozaliwa na hali tofauti tangu tumboni mwa mama zao. Na hati ya Vatikano iitwayo Dignitas Infinita, ya mwaka 2024, ambayo inakataa upasuaji wa kubadili jinsia, inasema wazi kwamba mtu mwenye kasoro ya maumbile ya uzazi, iliyoonekana wakati wa kuzaliwa au baadaye, anaweza kutafuta msaada wa madaktari ili itatuliwe. Hati hiyo hiyo inadai kila mtu aheshimiwe, asionewe wala kupigwa. Kwa hiyo hata yule ambaye habari yake si ya namna hii, na Kanisa halikubaliani na njia aliyoichukua, hatuna ruhusa ya kumzomea stendi. Jirani zetu wa Kenya waliwahesabu watu wenye jinsia tata katika sensa ya mwaka 2019, wakapata 1,524, na Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2022 inamtaja mtoto huyo na kumlinda.

Sasa, watamwitaje? Lugha yetu imeturahisishia nusu ya kazi. Tukisema "amekuja", "anakula", "mtoto wangu", "mjukuu", hatujasema mke wala mume. Shida inaanza kwenye udugu. Watoto wa kaka yake walizoea kumwita shangazi, na sasa ni baba mdogo. Mtoto wa miaka minne atazoea kwa juma moja, nimeliona hilo. Bibi atachukua miezi, na atakosea mbele za wageni. Akikosea, ajisahihishe kwa neno moja aendelee na mazungumzo. Asiombe radhi robo saa mpaka kila mtu amtazame kijana.

Kisha kuna mahali pa kukaa. Katika parokia nyingi za vijijini wanaume wana upande wao kanisani na wanawake wao. Msibani akina mama wako ndani kwenye mikeka, akina baba nje kwenye moto. Kijana huyu hajui aende wapi, naye anaogopa kufukuzwa pande zote mbili. Mwanaume mmoja tu, mjomba au mwenyekiti wa jumuiya, akimwambia "njoo ukae hapa", mambo yamekwisha. Wale marafiki zake wa kike wa zamani wasimkimbie kama mwizi wa siri zao. Wamsalimie kama walivyomsalimia, na wasimwulize kilichomo ndani ya nguo, kama wasivyomwuliza mwanaume mwingine yeyote.

Wazazi nao wajiandae kwa jibu moja fupi: "Alizaliwa na hali ambayo hatukuijua, hospitali wameitambua, ni mwanetu." Waliseme wote wawili kwa maneno yale yale. Baba akinyamaza, kijiji kitajaza nafasi hiyo kwa habari za laana na uchawi.

Barua ya daktari itunzwe vizuri. Kuhusu kitabu cha ubatizo, msimlazimishe paroko afute jina kwa kalamu yake. Atalipeleka suala kwa Askofu. Ubatizo wenyewe haurudiwi, kwani aliyebatizwa ni yule yule.

Kijana alifika Jumamosi. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa, mkono mfukoni, mpaka wimbo wa kuingia ulipokaribia. Mwalimu wa kwaya, aliyemfundisha sauti ya kwanza alipokuwa mdogo, alimwona, akamwuliza kama bado anakumbuka noti. Akasema anakumbuka. Akampa karatasi ya besi.