Kabla mwanao hajaingia pangoni

Mpwapwa. Likizo ikikaribia, fomu za ziara za shule huanza kuingia nyumbani. Mama mmoja hapa mjini alinionyesha ya mwanawe: Mapango ya Amboni, Tanga. Hakuuliza nauli, aliuliza kuhusu popo.

Swali ni la maana. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark aliugua Marburg baada ya kutembelea pango la Kitum, Mlima Elgon nchini Kenya, akafariki. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi naye alifariki baada ya kuingia pango la Python, Uganda. Virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda, tena bila wao kuugua. Sisi wenyewe tuliuona ugonjwa huu Kagera, mwaka 2023 na tena 2025.

Hata hivyo si kila popo ana Marburg, na ziara nyingi huisha salama. Mimi ningemruhusu mtoto, kwa masharti: avae viatu vya kufunika, asiguse popo wala kinyesi chao, asile kitu ndani, anawe kwa sabuni akitoka. Mwenye pumu abaki nje, maana kinyesi hicho huweza kuwa na kuvu wanaoshambulia mapafu. Akiumwa au kukwaruzwa na popo, osha jeraha kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wakirudi, hesabu siku 21. Homa ikija ghafla, usikimbilie dawa ya malaria ya dukani. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari, hata asipouliza, kwamba mtoto aliingia pangoni.