Spider-Man 2 ya Simu Haipo, na Faili la MB 500 Si Gemu

Swali ni lile lile, hubadilishwa maneno tu: Spider-Man 2 ya simu inapakuliwa wapi, kiungo kipi ndicho cha kweli, mbona yangu imegoma kufunguka hata baada ya kumaliza "uthibitisho". Jibu ni fupi. Gemu hiyo haipo kwenye simu. Insomniac Games waliitoa Oktoba 20, 2023 kwa PlayStation 5 peke yake, kisha ikafika kwenye kompyuta za Windows Januari 30, 2025. Hakuna toleo la Android, hakuna la iPhone, na hata wenye PlayStation 4 hawakutengenezewa. Kuuliza kiungo kipi ni cha kweli ni kuanza na kosa, maana vyote ni vya uongo, na anayevitangaza analijua hilo vizuri kuliko anayeuliza.

Imani inayowaponza wengi ni ya faili "lililobanwa": kwamba kuna fundi mahali fulani ameikamua gemu nzima ikaingia kwenye MB 500. Hebu tupige hesabu. Toleo la kompyuta linadai nafasi ya GB 140. Kuliingiza kwenye MB 500 maana yake ni kulipunguza mara 280. Programu ya kubana mafaili hufanya kazi moja: hutafuta yanayojirudia na kuyaandika kwa ufupi. Orodha ndefu yenye maneno yale yale hupungua sana kwa sababu imejaa marudio. Lakini picha za kuta na nyuso, sauti za waigizaji na mienendo ya miili ndani ya gemu hubanwa na watengenezaji wenyewe kabla ya kuuzwa, na ndani ya PS5 kuna kifaa maalumu ambacho kazi yake ni kuyafungua mafaili hayo kwa kasi. Kuyabana tena ni kukamua makapi ya muwa uliokwisha kupita kwenye mashine. Mwanahisabati Claude Shannon alithibitisha tangu 1948 kwamba kila taarifa ina kikomo ambacho ukikivuka lazima upoteze sehemu yake, na hakuna kijana wa mtandaoni aliyekivunja kikomo hicho chumbani kwake. Wapo wanaojibu kwamba wameona faili dogo likifunguka na kuwa kubwa mno. Inawezekana kabisa. Faili lenye sifuri tupu, mabilioni kwa mabilioni, hubanwa likawa dogo ajabu, na likifunguliwa hujaza simu yote. Ukubwa huo hauthibitishi kwamba ndani mna gemu. Unathibitisha kwamba ndani mna marudio.

Tena, kinachoifanya gemu hii iwe mwendelezo hasa, na si marudio ya gemu ya kwanza ya 2018, ndicho hicho hicho kinachoifungia simu nje. Peter Parker amevaa vazi jeusi lenye uhai linalochomoza minyiri na kuwabamiza maadui pande zote kwa mpigo. Miles Morales anapiga kwa umeme unaotoka mwilini mwake. Wote wawili wana mabawa ya utando, na mchezaji anaweza kuruka kutoka Manhattan, akapita juu ya East River na kutua Queens au Brooklyn, mitaa ambayo gemu ya kwanza haikuwa nayo. Anaweza pia kumwacha Peter upande mmoja wa jiji na kumwendesha Miles upande mwingine baada ya sekunde chache tu. Kila mwendo wa namna hiyo unadai majengo, magari na watu wa mtaa mpya wachotwe kutoka kwenye hifadhi kabla jicho halijafika. Diski ya PS4 ilisoma kama MB 100 kwa sekunde, nayo ikawa breki ya shujaa mwenyewe. Hifadhi ya PS5 inasoma GB 5.5. Mwaka 2019 Mark Cerny, mbunifu mkuu wa mashine hiyo, aliitumia gemu ya Spider-Man kuonyesha tofauti: safari ya mkato iliyochukua sekunde 15 kwenye PS4 Pro ilichukua sekunde 0.8 kwenye mashine ya majaribio. Ongeza kwamba PS5 ikichemka inakula umeme wa takriban wati 200 na ina feni kubwa ya kuipooza, wakati simu isiyo na feni haiwezi kuvumilia zaidi ya wati chache kwa muda mrefu bila kuunguza mkono. Toleo la kompyuta nalo linaanzia RAM ya GB 16. Hizo nguvu za ajabu unazozipenda kwenye skrini zinalipiwa na mashine.

Pingamizi zipo, na baadhi zina hoja. Umeona video ya mtu akiicheza kwenye simu? Huenda kweli anaicheza, lakini gemu iko kwenye PS5 iliyopo chumba cha pili, na simu inapokea picha tu. Au ni video ya kawaida iliyobandikwa vitufe juu yake. Au ni gemu ya mashabiki iliyovalishwa sura za kuazima. Umeifungua kwa PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, na ikakubali? Ni kweli: kuna Spider-Man 2 ya PSP, ya 2005, inayofuata filamu ya Tobey Maguire. Ni gemu nyingine yenye jina linalofanana, na wauzaji wa uongo wanaishi kwa mkanganyiko huo. Mbona gemu ya San Andreas ilihamia kwenye simu? Ilitoka 2004, ikahamishwa na wenyewe 2013, miaka 9 baadaye. Na Resident Evil Village kwenye iPhone 15 Pro? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, ila jibu lake limo ndani yake: wenye gemu waliitengeneza upya kwa kifaa kile, wakaiuza dukani mwa Apple kwa jina lao. Simu kupata nguvu ni jambo moja. Mtu kukaa chini na kuihamisha gemu ni jambo jingine, na hili la pili halijafanyika. Hata ule wizi wa Desemba 2023, kundi la wadukuzi la Rhysida lilipomwaga terabaiti 1.67 za mafaili ya Insomniac, matunda yake kwa mashabiki yalikuwa toleo bovu la kompyuta, si la simu.

Basi faili la MB 500 lina nini? "Uthibitisho" wa kupakua programu mbili au kujaza dodoso humwingizia mwenye kiungo kamisheni, wewe ukiwa umemaliza bando. Hapo umepona kwa bei nafuu. Hatari ni APK yenyewe, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, inapoomba ruhusa ya kusoma SMS na ya huduma za ufikivu. Ya kwanza inafungua namba za siri za muda zinazotumwa na benki na kampuni za pesa za simu. Ya pili inaruhusu programu isome skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Gemu ya kurusha utando haihitaji hata moja kati ya hizo. Inanikera sana kwamba wanaolengwa ni vijana ambao PS5 kwao ni mishahara ya miezi mingi, na ambao simu hiyo moja ndiyo pochi ya nyumba nzima.

Njia za kweli ni hizi. Nenda kibanda cha gemu chenye PS5, lipa kwa saa. Ukiwa na PS4, tafuta diski iliyotumika ya gemu ya 2018 au ya Miles Morales ya 2020. Zote zinacheza humo. Mwenye PS5 na nakala yake atumie PS Remote Play kwenye simu, intaneti isipungue Mbps 5, na 15 ni bora. Mwenye kompyuta asome kwanza mahitaji kabla ya kulipa. Ukitaka ya simu hasa, Marvel Contest of Champions inapatikana kwenye maduka rasmi. Na kama APK umeshaiweka: zima data, ondoa ruhusa zake, ifute, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, ipigie kampuni yako ya pesa za simu leo hii, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani.