Usingizi wa Dukani

Mchana wa Aurora haulaliki. Jua la Colorado halijali pazia, jirani anakata nyasi kwa mashine, na saa tatu asubuhi, ndiyo kwanza nimevua viatu baada ya zamu ya usiku, simu za Tanga zinaanza kumiminika, maana kule ni jioni na watu wana nafasi ya kupiga soga. Sisi tunaotunza wazee usiku tuna maongezi yetu ya saa tisa, chai mkononi: nani anatumia nini ili apate lepe la usingizi. Yuko wa melatonini, yuko wa dawa ya mafua inayosinzisha, na wako wa bangi. Hawa wa bangi ndio wengi, na wala hawanong'oni.

Kwa mtu aliyelelewa Tanga, ambako bangi huandamana na karandinga na mama anayelia nje ya mahakama, hilo huchukua muda kuzoeleka. Lakini wapiga kura wa Colorado waliiruhusu mwaka 2012, na tarehe 1 Januari 2014 maduka yakaanza kuwauzia watu wazima bila cheti cha daktari. Nimewahi kumsindikiza shoga yangu wa kazini, mtu wa Mombasa, kwenye duka mojawapo. Mlangoni unaonyesha kitambulisho. Chini ya miaka 21 hupiti. Ndani ni kweupe na kimya kama duka la miwani. Kijana wa kaunta hakumwuliza anataka nini, alimwuliza anataka kucheka au kulala. Aliposema kulala, akaletewa boksi la peremende laini za zambarau: kila kipande kina miligramu 10 za THC, boksi zima 100, ndicho kikomo cha sheria ya jimbo kwa bangi ya kula. Kila kipande kimegongwa umbo la almasi lenye alama ya mshangao, mtoto akikiokota mzazi ajue si pipi.

THC ndiyo kemikali inayolewesha. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga kule Israeli mwaka 1964, na mwaka 1988 ikaonekana kwamba ubongo una vipokezi vyake mahususi vinavyoidaka. Vipokezi hivyo vinahusika na maumivu, hamu ya kula, woga na usingizi. Kwa hiyo anayesema bangi inamlaza hasemi uongo. Humfupishia ule muda wa kugaragara kitandani akihesabu mbao za dari, hasa siku za mwanzo na kwa kipimo kidogo. Kipimo kikubwa kinaweza kumgeuka: moyo unakwenda mbio, hofu inampanda.

Ya kula ina ujanja wake. Moshi hufika ubongoni kwa dakika chache, lakini peremende lazima ipite tumboni na kwenye ini, ambako THC hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza, na ikianza hukaa saa sita, nane, hata zaidi. Mwandishi Maureen Dowd wa New York Times yalimkuta hotelini Denver mwaka 2014. Alimega chokoleti ya bangi, akaona kimya, akaongeza, kisha akajikunyata kitandani kwa saa nane, hata akadhani amekwisha kufa na hakuna anayemwambia. Watu walicheka sana. Mimi nawafikiria wenzangu wa zamu: ukimeza saa nne asubuhi, ukaongeza saa sita kwa kukosa subira, jioni unashika usukani kwenda kazini na bado hujazinduka.

Hata hivyo, linalonitia shaka zaidi haliko usiku wa kwanza. Liko usiku wa kuacha. Usingizi una awamu, na katika mojawapo macho hucheza chini ya kope. Humo ndimo zinamotoka ndoto nyingi. THC ikitumiwa kwa wingi huibana awamu hiyo, ndiyo maana wengi wanaoimeza kila siku husema hawaoti tena. Mwili nao huzoea, kipande kimoja kinakuwa viwili. Ukikata ghafla, ndoto zilizobanwa zinarudi kwa fujo.

Shoga yangu alikwenda Mombasa kwenye harusi ya mdogo wake. Peremende hakubeba, ana akili zake. Kenya kukutwa na bangi ni kesi. Usiku wa pili hakulala. Wa tatu alipitiwa mang'amung'amu tu, akaamka shuka imelowa jasho, ameota anafukiwa mchanga huku anasikia ngoma ya harusi. Mama yake akasema, "Mwanangu, huko ulikotoka umefuatwa na kitu." Akafukizwa ubani, akaitwa mwalimu, akasomewa. Wiki ya pili ilipokwisha usingizi ukarudi. Mama hadi leo anajua ni kisomo, na binti hajafungua mdomo. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kinaitambua hali hiyo ya aliyeacha bangi katika mwongozo wake wa maradhi wa mwaka 2013: hasira za karibu, chakula hakiliki, usingizi unakatika, ndoto za ajabu.

Siku hizi maboksi ya peremende za kulaza yameandikwa CBN kwa herufi kubwa. Hiyo ni THC iliyozeeka kwa hewa na mwanga, na sifa zake za kulaza zimeutangulia mno ushahidi.

Wako ambao singependa waiguse bangi kabisa. Mzee mmoja ninayemtunza hukoroma, kisha kimya, pumzi hakuna, kisha anashtuka akihema. Binti yake aliniuliza kama amletee peremende. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitamka mwaka 2018 kwamba bangi isitumiwe kutibu maradhi hayo ya kukatika pumzi. Mzee sasa ana mashine inayosukuma hewa puani, anailalamikia kila usiku, na analala.

Kwa asiyepata usingizi kwa muda mrefu, Chuo cha Madaktari wa Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kuanza na mafunzo ya kubadili mazoea, kabla ya dawa: amka saa ile ile, usipopata usingizi toka kitandani, kitanda kisiwe sebule. Yanachosha, na duka halina faida nayo.

Halafu kuna sheria, na hapa sisi wageni tuko hatarini zaidi. Jimbo limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu. Brandon Coats, aliyepooza viungo na kutumia bangi kwa cheti cha daktari, nyumbani kwake, alifukuzwa kazi baada ya kupimwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado ilisema mwajiri hakukosea. Ndugu zetu madereva wa malori wanapimwa mkojo kwa kanuni za serikali kuu. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na mtumiaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo wiki kadhaa baadaye. Tangu Januari 2020 majibu ya dereva aliyekutwa nayo huingizwa kwenye daftari la taifa ambalo waajiri wa madereva hulikagua. Kwa mwomba uraia ni pazito zaidi: Idara ya Uraia na Uhamiaji ilieleza Aprili 2019 kwamba matumizi ya bangi, hata katika jimbo lililoiruhusu, hata kufanya kazi tu katika duka lenye leseni, yanaweza kumnyima mtu sifa ya mwenendo mwema.

Shoga yangu ana grini kadi, na fomu ya uraia anataka kuijaza mwakani. Swali la dawa za kulevya limo. Ameanza kupunguza, nusu kipande wiki hii, robo wiki ijayo, na ameshapanga kuonana na wakili kabla ya kukaa mbele ya ofisa yeyote.