Bei ya Waya na Uzuri wa Picha

Dar es Salaam ilizima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mwanzoni mwa 2013. Pamoja na ving'amuzi zilikuja pia nyaya za bei kubwa, ambazo husifiwa kwamba hung'arisha picha.

Yafaa ieleweke kwamba waya wa HDMI hupitisha tarakimu mbili tu, 0 na 1. Zikifika zote, picha huwa kamili. Zikipotea nyingi, huzuka vimulimuli au kioo huwa cheusi. Waya ghali, basi, hauwezi kuongeza rangi. Ubora wake huonekana hasa pale masafa yanapokuwa marefu, ambapo waya hafifu hushindwa.

Waya wa spika huhukumiwa kwa ukinzani. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule ule wa mafundi umeme wa majumbani, una ukinzani wa omu 0.15 hivi, kwenda na kurudi. Spika nyingi zina omu 4 hadi 8. Upungufu huo sikio haliutambui.

Dhahabu ipakwayo kwenye ncha haishiki kutu, na hiyo ni sifa ya kweli kwa wakazi wa Raskazone au Pangani, ambako hewa ina chumvi. Lakini kutu ya pwani huanzia juu ya paa: kiungo cha antena kikipenywa na maji, mawimbi hudhoofika kabla ya kukifikia king'amuzi. Mwenye fedha kidogo na aanzie hapo, akizibe kiungo hicho kwa utepe usiopitisha maji.