Pikapu Kuukuu na Ugonjwa wa Kutetemeka

Yeyote apitaye barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo, na kutoka hapo kuelekea Awendo na Migori, huona pikapu nyingi ambazo umri wake umezidi umri wa madereva wake. Asubuhi hupakia omena na mbuta kutoka ufuoni. Jioni hurudi na mahindi, ndizi, saruji, au viti vya arusi. Baadhi yake zimekwisha kwenda kilomita 300,000 na zaidi. Karo ya watoto na mkopo wa chama hutegemea magurudumu hayo manne. Kwa hiyo siku pikapu inapoanza kutetemeka na kukohoa penye mwinuko, huwa si jambo dogo, kwani samaki hawangoji.

Mafundi wa jua kali husema injini kama hiyo “inamisi”, yaani silinda moja au zaidi hukosa kuwaka kwa zamu yake. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Moja ikikosa, tatu zilizobaki hubeba mzigo wa nne, na mwili mzima wa gari hutikisika kama kitanda kilichokatika mguu.

Kinachomaliza fedha ya mwenye gari, aghalabu, ni kukisia. Mama mwenye biashara ya samaki huambiwa leo anunue plagi mpya. Kesho huambiwa ni kabureta, na kesho kutwa ni pampu ya mafuta. Hulipa mara tatu, na gari hutetemeka vilevile. Fundi hodari humwambia, “Mama, usinunue kitu kwanza. Nieleze inatetemeka lini.” Naye akijibu, “Mwanangu, inapopanda tu, tena ikiwa na mzigo,” fundi huyo amekwisha kupata nusu ya habari aliyoitaka.

Maana si kila mtetemeko hutoka katika injini. Gari lisimamishwe, gia iwekwe huru, na injini iongezwe mafuta polepole. Ikiwa yanguruma sawasawa pale pale, lakini barabarani gari hutikisika kwa mwendo fulani tu, yafaa kutazama magurudumu na viungo vya propela. Ikitikisika mwanzo wa kuondoka tu, klachi itazamwe. Ikiwa sauti ya injini ni sawa lakini boneti inacheza, huenda mipira inayoishikilia injini imekatika. Iwapo sauti yenyewe ina pengo, kama mwimbaji arukaye neno moja kila beti, ndipo itafutwe silinda iliyolala.

Katika injini za zamani zenye distribyuta, kama ile ya Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kazi hii haidai chombo cha thamani. Injini ikiwa baridi, huwashwa kwa muda mfupi, kisha matone machache ya maji hudondoshwa juu ya kila bomba litoalo moshi kutoka silinda. Mabomba matatu yatachemsha maji mara moja. La silinda isiyowaka litachelewa. Njia nyingine ni kuzima injini, kuchomoa waya wa plagi moja na kuushikiza kwenye chuma cha injini, kisha kuwasha tena na kusikiliza. Injini ikidhoofika zaidi, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, mvivu ameonekana. Waya hizo zisiguswe kwa mkono injini ikiwaka, kwa kuwa umeme wake hupita volti 20,000.

Kisha plagi ya silinda hiyo itolewe, isomwe. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi au hewa kidogo, na katika barabara za muramu kisafisha hewa kilichojaa vumbi huweza kuleta hali hiyo. Plagi iliyolowa petroli yaonyesha kwamba mafuta yalifika lakini cheche haikufika. Yenye utelezi wa oili ni habari mbaya zaidi, nayo itaelezwa chini.

Plagi hiyo yafaa kubadilishana nafasi na ya jirani yake kabla ya kununua mpya. Ugonjwa ukihamia silinda ya jirani, plagi ndiyo mkosa. Ukibaki palepale, sababu iko kwingine. Magari ya miaka ya karibuni, yenye koili moja juu ya kila plagi, hupimwa vivyo hivyo. Chombo cha kusoma kompyuta ya gari kikionyesha P0302, maana yake silinda ya pili inakosa moto. Koili yake ikipelekwa silinda ya tatu na chombo kikasema P0303, mwenye gari anunue koili moja tu, wala asishawishiwe kununua nne. Chombo hicho hutaja silinda. Sababu hakitaji, na wengi hulipa fedha kwa kutoelewa tofauti hiyo.

Mbona basi ugonjwa hujionyesha mlimani zaidi? Injini inapobeba mzigo, hewa na petroli hubanwa kwa nguvu ndani ya silinda, na cheche hupata taabu kuruka katika pengo la plagi. Ikikuta ufa katika waya au katika kofia ya distribyuta, hutorokea huko. Asubuhi za masika, unyevu wa ziwa ukiwa umetanda, utoro huo huzidi. Kuukamata ni rahisi: gari lipelekwe mahali penye giza, boneti ifunguliwe, injini iwashwe. Penye ufa vimulimuli vya buluu vitaonekana vikicheza juu ya waya.

Lakini injini ikikohoa mlimani bila kuchagua silinda, mafuta yatazamwe. Filta iliyoziba hupitisha petroli ya kutosha tambarare, isitoshe kupanda. Petroli iliyonunuliwa katika chupa kando ya njia huweza kuwa na maji, au kuwa imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo huchafua plagi na kuifanya injini igonge. Uchanganyaji huo ulienea nchini kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu, hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikayatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ili kuuzuia. Kidogo cha mafuta ya tangi kikiwekwa katika chupa nyeupe na kuachwa kitulie, maji yatajitenga chini.

Pikapu za dizeli hazina plagi za cheche. Kwazo hutazamwa hewa iingiayo katika mirija, filta, na nozo. Nati ya mrija wa nozo moja ikilegezwa kidogo injini ikinguruma, na sauti isibadilike, silinda hiyo ndiyo yenye kasoro. Mkono na uso vikae mbali, maana dizeli hiyo hutoka kwa nguvu nyingi.

Sasa ile plagi yenye oili. Katika gari la kilomita nyingi hapana budi kupima kompresheni ya kila silinda. Iliyo chini ya robo tatu ya ile iliyo bora kuliko zote ina ugonjwa wa ndani. Kijiko cha oili kimiminwe katika tundu la plagi, ipimwe tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, vali hazifungi vema, na pengine zinahitaji kurekebishwa nafasi yake tu, kazi ya saa chache. Silinda mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, gasketi ya hedi imepasuka katikati yake. Ikiwa ni ringi, mwenye gari achague kati ya kufungua injini yote na kutafuta nyingine iliyotumika. Akichagua hiyo ya pili, aidai ipimwe kompresheni mbele ya macho yake kabla ya kutoa fedha.