Makofi, Nyimbo na Ujuzi wa Silabi kwa Mtoto

Ujuzi wa mtoto mdogo hupimwa mara nyingi kwa majibu anayotoa mbele ya ubao. Katika makala haya mafupi tungependa kuonyesha kwamba mtoto huyo, akiimba na kucheza, hudhihirisha maarifa ya lugha ambayo hana bado maneno ya kuyaeleza.

Tuanze na michezo ya makofi, ambayo wasichana hucheza wawili wawili wakikabiliana. Kila kofi likiangukia silabi, neno kitabu hupata makofi matatu: ki-ta-bu. Mbuzi hupata mawili tu, mbu-zi, kwani mb hutamkwa kwa pamoja. Lakini mtoto, katika Kiswahili sanifu, hudai matatu, m-to-to, maana nazali yake ya mwanzo ni silabi kamili. Tofauti hiyo huwatatiza hata wanafunzi wa chuo kikuu katika somo la fonolojia. Mikono ya mtoto huifuata bila kufundishwa.

Hapo ndipo penye jambo linalotuhusu sisi wa Kongo. Mtoto wa Lubumbashi husema mutoto, muti, inchi. Aingiapo shuleni huandika kama asemavyo, na mwalimu humwekea alama nyekundu, kana kwamba hajui kitu. Tuonavyo sisi, hukumu hiyo ni ya haraka. Mu-to-to ni makofi matatu, sawasawa na m-to-to. I-nchi ni mawili, sawasawa na n-chi. Tena kiambishi mu- ndicho cha kale: Kiswahili sanifu kimedondosha irabu, nayo m ikarithi pigo lake. Basi mwalimu akianzia kwenye makofi, atakuta hesabu ya silabi imekwisha kuwa sahihi. Litakalobaki ni kumfundisha mtoto tahajia.

Watoto wa Pwani wana mchezo mwingine, kinyume, ambao hupeleka silabi ya mwisho mwanzoni: kitabu huwa bukita, mbuzi huwa zimbu. Huo ni wa wakubwa kidogo, lakini unategemea ujuzi uleule.

Nyimbo nazo hufichua sarufi. Mtoto akibadilisha neno katika wimbo kwa kujifurahisha, mathalani badala ya «chungu chetu kimevunjika» akaimba «sahani yetu imevunjika», amebadilisha upatanisho wote wa ngeli, ijapokuwa neno ngeli hajalisikia. Akikosea, kosa lenyewe humwonyesha mwalimu ni ngeli gani haijakomaa bado.

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inatambua lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia. Mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, anaweza kuanza na makofi hayo kabla hajagawa chaki: aseme neno, darasa lipige, kisha aandike ubaoni silabi zilizosikika, mutoto juu, mtoto chini yake.