Kreti kumi za kwanza

Fundi mmoja wa makochi wa Makongeni, Thika, ametuandikia swali nililolipenda kuliko mengine yote ya mwezi huu. Ana tovuti ya biashara yake, na wateja wanalalamika kwamba inakawia kufunguka. Yeye mwenyewe akipima intaneti, simu inamwambia ana megabiti 20 kwa sekunde, tena amekwisha kuhama kutoka bando dogo hadi kubwa. Tovuti haikuharakisha hata kidogo. Je, anaibiwa?

Haibiwi. Wauzaji wa bando humtajia mtu upana wa njia, wakanyamaza kuhusu urefu wake.

Tovuti ya fundi wetu, kama nyingi zilizojengwa kwa bei nafuu, imewekwa kwenye seva iliyoko jimbo la Virginia, Marekani. Toka Thika hadi huko ni kama kilomita 12,000 ukipiga mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 120. Nazo nyaya hazinyooki: huingia baharini Mombasa, hupanda Bahari ya Shamu, hupita Mediterania, ndipo zivuke Atlantiki. Tuseme milisekunde 250.

Safari hii ya kwenda na kurudi nitaiita nendarudi. Mhariri alitaka "muda wa mzunguko", lakini gurudumu nalo huzunguka bila kufika popote, ilhali pakiti ya data hufika mahali ikarudi na habari. Nendarudi inabaki.

Robo sekunde si kitu, mpaka uhesabu inalipwa mara ngapi. Nendarudi ya kwanza ni ya kubisha hodi: simu ya mteja na seva zinasalimiana. Ya pili ni ya kupatana siri ya kufungia ujumbe usisomwe njiani. Ya tatu ndiyo inayoleta ukurasa, na hapa ndipo penye utamu, kwa sababu seva haileti ukurasa mzima. Inaleta pakiti kumi, kisha inasimama kungoja.

Mchukulie mfanyabiashara wa mananasi wa Makongeni aliyepata mnunuzi mpya Kongowea, Mombasa. Ghala limejaa, lakini hajawahi kuitumia njia ile. Hajui kama ina foleni, wala kama mnunuzi ana pa kuweka mzigo. Simu hana, habari pekee ni risiti zinazorudi kwa njia ile ile. Basi anatuma kreti kumi, anakaa. Kila risiti inayorudi inampa ujasiri wa kutuma kreti mbili. Risiti kumi zikirudi, anatuma 20. Zikirudi 20, anatuma 40, halafu 80, 160, 320. Siku risiti moja isiporudi, anajua njia imeziba: anakata shehena nusu, kisha anaanza kuongeza kwa kudonoadonoa. Sasa mwambie serikali imepanua barabara yote ya Mombasa ikawa pana kama Thika Superhighway. Atafurahi, lakini kesho bado atatuma kreti kumi, na bado atangoja risiti. Upana haujamfaa kitu, maana hajafikia kuujaza.

Kreti moja, yaani pakiti moja ya seva, hubeba baiti 1,460. Kumi za kwanza ni kilobaiti 14 na ushei. Ukurasa wa fundi, pamoja na picha yake ya juu, una kilobaiti 900 hivi: zinahitaji mafungu sita. Ongeza nendarudi mbili za salamu na siri, zinakuwa nane, yaani sekunde mbili. Na katika fungu la sita, lile kubwa kuliko yote, data inapita kwa megabiti 15 tu kwa sekunde. Bando la megabiti 20 halijajaa, seuze kubwa zaidi!

Woga huu wa seva ulizaliwa kwa ajali. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, umbali usiofika mita 400, kasi ya data iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila kompyuta ilikuwa ikimwaga pakiti bila kiasi. Zilizopotea zikatumwa upya, na foleni ikazidi kuziba. Van Jacobson alichapisha dawa yake mwaka 1988: anza na pakiti moja, ongeza kwa risiti. Kumi tumezizoea tangu 2013.

Wakenya tulilipia nendarudi kuliko wengi. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, data ya kwenda ng'ambo ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, kwa hiyo kila nendarudi ilikula karibu nusu sekunde au zaidi. Hata barua pepe ya mtaa hadi mtaa iliweza kupitia ng'ambo kama kampuni zenu za intaneti ni tofauti. KIXP, makutano ya kampuni hizo jijini Nairobi, ilifunguliwa Novemba 2000, mdhibiti wa mawasiliano akaifunga, ikafunguliwa tena Februari 2002.

Basi fundi afanye nini? Kwanza, ahamie seva ya Nairobi, au aweke nakala ya tovuti kwa kampuni kama Cloudflare, yenye seva Nairobi na Mombasa. Nendarudi ikishuka hadi milisekunde 30, zile nane zote hazifiki robo sekunde. (Zipo itifaki mpya zinazopunguza salamu, hizo tuziache.)

Pili, azithamini zile kreti kumi za kwanza. Makala hii yote haifiki kilobaiti 6, ingeenea humo ikabaki nafasi. Lakini nilipofungua tovuti yake kwenye kompyuta na kubonyeza F12, niliona jina la duka, bei ya seti ya viti saba, namba ya Till na ya simu, vyote vimechorwa ndani ya bango moja la kilobaiti 700. Linafika mwisho, nyuma ya kila kitu. Bango na lishushwe chini, lipunguzwe upana hadi pikseli 800, na maelezo yaandikwe kwa herufi za kawaida. Namba ya simu ina tarakimu kumi, yaani baiti kumi, na ikiwa maandishi mteja huibonyeza ikapiga.